Kaka Katoka Mweupe

"Theluji yenyewe umeiona kwenye friji tu," mama alimtania Mahmudu, mchonga vinyago, aliyekuwa akichonga ubao wa kuchapia picha kwa mara ya kwanza.

Alichonga ufuko wa Ulaya wenye theluji, na kaka yake amesimama mbele ya bahari. Kaka alipotelea huko, mwaka wa pili huu, lakini mama alikataa katakata kuweka matanga.

Mahmudu akapaka wino mweusi, akakandamiza karatasi, akaibandua taratibu.

Bahari ilitoka nyeusi. Kaka alitoka mweupe pe, kichwa hadi miguu. Kumbe palipochimbwa wino haufiki!

"Nimekosea, mama. Nachonga upya."

Mama aligusa ule weupe kwa kidole. "Sanda umemvalisha wewe, au kaja nayo mwenyewe?"

Kisha akatoka uani, akaanza kutandika mikeka.