Mzee wa Ukutani

Mwanamke wa kwanza alivua kiatu akakirusha ukutani. Kilimpiga mzee wa kuchorwa kidevuni, kikarudi chini.

"Ndiye huyu!" alifoka. "Aliniaga anakwenda kununua chumvi. Mtoto aliyekuwa tumboni sasa ana ndevu!"

Mchoraji alikuwa ananing'inia kwa kamba ghorofa ya saba, akimalizia sikio. Akapaza sauti, "Mama, huyu si mtu! Nimemtunga tu!"

Ndivyo ilivyokuwa. Mwenye jengo alitaka mzee anayetabasamu, mkubwa wa kuonekana mji mzima, ila asiwe mzee wa mtu. Hakutaka maneno. Mchoraji alipokosa pa kuanzia, alijitazama kwenye kioo, akajichora, kisha akajizeesha: mvi, makunyanzi, na pengo moja la kupendeza.

Kufikia adhuhuri wanawake walikuwa wanne, kila mmoja na jina lake la kumwita yule mzee. Mmoja alimlilia kama maiti. Wawili walikuwa wamekwidana. Mwenye jengo akaja anatweta. "Futa!" alisema. "Au shuka, usirudi."

Mchoraji akashuka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza.

Chini, baba yake, fundi rangi aliyemfundisha kushika brashi tangu utotoni, alikuwa anakoroga rangi huku akicheka hadi machozi.

"Wanaume wengine, bwana! Mtu mmoja, nyumba nne, na zote hazina habari! Shukuru hukurithi pua yangu, mwanangu. Leo hivi viatu vyote vingeniangukia mimi!"

"Baba, kazi inakwenda hiyo."

"Tulia. Mama yako analeta chakula. Yule akisema neno moja, hata mbwa hunyamaza."

Kweli, mama akatokea na kapu lake. Watu wakampisha. Akainua macho, akamtazama mzee wa ukutani kuanzia kidevu hadi mvi. Kapu likamponyoka.

"Mama, waambie," mchoraji alimsihi. "Waambie huyu nimemtoa kichwani mwangu."

Nyuma yao baba alikuwa bado anacheka, ameshika mbavu. Mama akamvuta mwanawe karibu, midomo ikigusa sikio lake.

"Mwanangu," alinong'ona, "nani amekuonyesha baba yako?"