Namba Kumi na Moja

Mwanarehema alivua viatu mlangoni mwa ukumbi, ingawa hakuna aliyemwambia avue. Akazipita picha kumi bila kuzitazama, akasimama mbele ya ile ya kumi na moja.

"Ni yeye," alisema.

Jalila, binti wa kakake, ndiye aliyemleta. Alikuwa ameiona picha hiyo jana akitoka kazini Changamwe, akashindwa hata kula.

Ishaka, mwana wa Mwanarehema, aliondoka Likoni miaka sita iliyopita kwenda kutafuta kibarua, akasema atarudi Ijumaa. Ijumaa zikaja, zikapita. Mamake alimtafuta kwenye vituo vya polisi, akamtafuta hospitalini wodi baada ya wodi. Kwingine hakwenda, wala hakutaka kutajiwa.

Kakake, Abdulaziz, alikuwa amepanga Ishaka asomewe hitima kesho baada ya alasiri. Mchele umeshanunuliwa. "Tumuombee mtoto, dada, nawe upumzike," alimwambia. Mwanarehema hakuwa amekubali. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wajomba hujua kupanga masufuria tu.

Jalila alimsomea karatasi iliyobandikwa ukutani. Mchoraji Nicanor, mzaliwa wa Chaani, hakusomea sanaa popote. Alianza kwa kuchora vibao vya vinyozi kando ya barabara ya malori, na hadi leo watu wake wote hutazama mbele, shuka nyeupe shingoni, bila kucheka. Rangi zake ni mabaki ya gereji. Huchora tu watu aliowaona ana kwa ana. Hawapi majina, huwapa namba.

"Umesikia, shangazi? Aliowaona ana kwa ana."

Mwanarehema alisikia, ila alikuwa akiyatazama macho. Ya Ishaka yalikuwa meusi, na la kushoto lilikuwa na kengeza tangu kuzaliwa. Haya yalikuwa ya kahawia, yamenyooka, na yalimfuata kila aliposogea. Akageuka. Ukuta mzima ulikuwa ukimkodolea macho yale yale ya kahawia. Akajikaza. Rangi za gereji ni chache, alijiambia. Na hilo kengeza, basi, Mungu mkubwa, mtoto amepata pesa akatibiwa.

Mchoraji alitokea mlango wa nyuma. Alikuwa mwembamba, amevaa sweta nzito, na joto lile lilikuwa likimtoa Jalila jasho hadi viganjani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sweta?"

"Kazini kwetu ni baridi. Nimezoea."

Wa vyumba vya barafu huyu, Mwanarehema aliwaza, wa samaki. Akaelekeza kidole kwenye picha. "Huyu ulimwona wapi?"

"Huko huko kazini. Mwaka juzi, mwezi wa nane."

Mwaka juzi! Miaka minne baada ya kuondoka, mtoto alikuwa hapa hapa Mombasa! Akamshika Jalila mkono kwa furaha.

"Alikwambia anaitwa nani?"

"Hapana, mama. Hakusema kitu." Nicanor alimtazama vizuri, kisha akaitazama picha. Sauti yake ikashuka. "Kwani unamjua?"

"Nimemzaa."

Mchoraji aliegemea ukuta. "Nimechora ishirini na sita," alisema polepole. "Nimewatundika hapa karibu na barabara, watu wao wakipita wawatambue. Wewe ndiye wa kwanza kuja."

Lakini Mwanarehema hakuwa akimsikiliza tena. Alikuwa ameshampigia kakake simu, na sauti yake ilijaza ukumbi.

"Abdulaziz! Rudisha huo mchele dukani! Wallahi mwanangu yu hai, ameonekana! Nisisikie tena habari ya hitima!"

Alicheka, akalia, akapangusa uso kwa ncha ya leso. Nicanor aliinua mkono kumkatiza. Mwanarehema akamshika mikono yote miwili, kama mtu anayemshukuru daktari. Mikono yenyewe ilikuwa baridi.

"Sasa nieleze, mwanangu. Hilo jicho lake la kengeza, ni nani aliyemtibu hata likanyooka hivi?"

Nicanor aliinua uso. Macho yake yalikuwa ya kahawia.

"Hayo macho ni yangu, mama," alisema. "Wao wote huletwa kwetu wamefumba."