Kifungo cha Tatu

Hester alipofungua mlango, alimkuta jirani aliyenusurika meli ilipozama. Alikuwa amevaa koti la mume wake Hester. Wanaume hao walikuwa wakichochea makaa pamoja melini.

"Alinivika mwenyewe, shemeji, akinisukumia mashuani. Nilitoka kwenye chumba cha tanuri na fulana tu. Akasema yeye atapanda mashua inayofuata."

Hester alikitambua kifungo cha tatu, alichokishona kwa uzi mwekundu siku uzi mweusi ulipomwishia.

Jirani akaanza kulivua ampe. Hester akamshika mkono.

"Usilivue kwanza."

Akamfunga vifungo kimoja kimoja mpaka shingoni, kama alivyomfunga mumewe kila asubuhi ya safari, kisha akaegemeza paji la uso kifuani.

"Usiongee," akanong'ona. "Ukiongea tu, ataondoka."