Gari la Usaili

"Washa," Mwenyekiti aliamuru.

Fundi akazungusha ufunguo. Gari likasema tak, mara moja tu, likanyamaza.

"Ugonjwa wenyewe ndio huo. Una saa moja. Katibu, andika muda."

Katibu, msichana mwenye miwani na faili jipya, akaandika. Wawili hao walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki kando ya gari, mbele ya nyumba iliyobandikwa karatasi mlangoni: KAMPUNI YA USAFIRISHAJI, USAILI UNAENDELEA. Fundi, ambaye watu walimwita Taratibu, alikuwa amehudhuria usaili mara kumi na moja mwaka huo, na kote aliulizwa anajiona wapi baada ya miaka mitano. Hapa hakuulizwa kitu. Alionyeshwa gari bovu. Akawaheshimu papo hapo.

Kazi hii aliihitaji kufa na kupona. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye na mkewe walikuwa na miezi minane kwa shemeji, na shemeji hakuwa na jembe la kutoa, alikuwa na mdomo tu. Jana mezani, mbele ya watoto, alikuwa ametoa kauli: Ijumaa ikipita bila barua ya ajira, chumba kinarudi kuwa stoo. Mkewe Taratibu aliinamisha kichwa, hakula tena. Leo ilikuwa Alhamisi.

Taratibu akafungua boneti. Betri ilikuwa mpya. Stata nayo mpya.

"Hivi vimebadilishwa juzijuzi," alisema.

"Waombaji wenzako," Mwenyekiti alijibu. "Mmoja alikuja na betri yake, mwingine na stata. Tangazo lilisema wazi, mwombaji aje na vifaa."

"Walifaulu?"

"Matokeo yanachakatwa."

Taratibu alicheka kimoyomoyo. Watu wa pupa hao, kitu kikigoma wao ni kubadilisha tu. Yeye jina lake hakupewa bure. Aliwasha taa za mbele, zikawaka vizuri. Akamwomba Katibu aingie azungushe ufunguo, taa hazikufifia hata kidogo. Umeme ulikuwepo, ila ulikosa njia ya kurudi kwenye betri kutoka kwenye injini. Akatoa mfukoni waya mnene, akabana ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini.

"Jaribu tena, dada."

Gari likanguruma. Mwenyekiti aliruka kitini, akakumbuka cheo chake, akaketi na kukohoa.

"Bado, mzee," Taratibu alisema, akaomba lizimwe. "Hapa tumelidanganya tu. Tatizo liko chini."

Akafungua kwanza waya wa betri, kama alivyofundishwa, kisha akaingia uvunguni kwa mgongo. Huko akaukuta ule waya wa kusuka unaounganisha injini na bodi. Boliti yake ilikuwa imevaa ukoko wa kijani na mweupe, kama mkate uliosahaulika kabatini. Alikabana nayo mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Ilipolegea, waya ulimkatikia mkononi. Kutu ilikuwa imeshaumaliza.

Kwenye begi alikuwa na mwingine mmoja, mpya, aliouweka akiba kwa siku atakayofungua karakana yake mwenyewe. Aliutazama kidogo. Iliuma, lakini aliutoa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye uvunguni alikuwa ameshalala kabisa.

Alisugua chuma kwa brashi ya waya, akamalizia kwa msasa mpaka kikang'aa. Akafunga waya, akakaza, akapaka grisi ili maji yasipate pa kuingia. Akiwa bado chini aliona miguu miwili iliyolowa mpaka magotini ikitoka ndani ya nyumba.

"Tayari, Mwenyekiti. Bomba la bafuni halivuji tena."

"Usaili mzuri sana," Mwenyekiti aliiambia ile miguu. "Tutakupigia."

Kampuni inayoajiri mpaka fundi bomba wake si kampuni ya mchezo. Taratibu alifuta mikono, akaanza kuwaza ukubwa wa karakana yao.

Alirudisha waya wa betri, na safari hii gari likawaka kwa mguso mmoja. Mwenyekiti alitaka lizimwe na kuwashwa tena. Kisha akataka kuliwasha mwenyewe. Akaliwasha mara nne, akitabasamu kwa meno yote. Aliposhuka alimshika Taratibu mkono kwa mikono yake miwili.

"Kijana, wewe ndiye tuliyekuwa tukimtafuta. Toka moyoni nakwambia."

"Nashukuru sana, mzee. Na barua?"

"Barua haina haraka. Kesho asubuhi mapema, simu iwe karibu."

Taratibu alitoka getini miguu ikimwelea. Hakuweza kusubiri afike nyumbani. Aliegemea ukuta, akampigia mkewe, naye akapokea kabla haijaita mara ya pili.

"Haya, niambie," mkewe alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejibanza chumbani.

"Mke wangu, fungua mlango uongee kwa sauti. Nimepata."

Upande wa pili akamsikia analia. Macho yake nayo yakamchoma. Alikuwa akitafuta neno la kumbembeleza pale sauti ya Katibu ilipopenya juu ya ukuta.

"Baba, hii karatasi ya mlangoni niibandue?"

"Ibandue, uandike nyingine: Shule Mpya, Usaili wa Walimu wa Hesabu. Mdogo wako ana mtihani Jumatatu."