Chai ya Moto Ukweni

Kikombe cha pili nacho kilikuwa kinapoa, na fundi friji hajakigusa. Alipotaka tu kukinyanyua, mama wa mchumba wake akakiwahi, akamwaga, akajaza kingine cha moto.

"Karibu, mwanangu," alisema kwa mara ya nne, midomo ikifunguka kidogo tu.

"Ahsante mama, nimeshiba," alijibu, naye kabana midomo.

Uongo mtupu. Tangu asubuhi hajatia kitu tumboni. Saa nane mchana alikuwa kwenye kiti cha daktari wa meno, akionyeshwa kwenye kioo madoa meupe kama chaki, meno ya mbele yote.

"Hizo soda zako zinakula madini ya jino," daktari alimwambia. "Bahati yako hayajawa matundu. Nakupaka dawa, madini yarudi. Kwa muda wa saa sita usinywe cha moto, usitafune kigumu. Rangi itatoka kesho ukipiga mswaki."

Rangi gani tena? Kabla hajauliza, daktari alishaita mwingine. Siku ya kupakwa bure ni moja tu kwa mwaka, na foleni ilizunguka jengo zima. Kioo cha pikipiki ndicho kilichomjibu: meno ya manjano, yamegandwa na utando kama gundi. Na saa kumi anatakiwa ukweni, kwa mara ya kwanza.

Aseme ukweli? Waambiwe binti yao anaolewa na mtu mwenye meno mabovu? Thubutu! Alifunga kinywa.

Sasa mbele yake kulikuwa na chai, karanga za kukaanga na nyama ya mifupa. Lakini waliomtisha zaidi ni wenyeji. Baba mtu hakuonja hata karanga moja. "Tumbo linanisumbua," alinung'unika, akageukia dirishani. Mama alikuwa akijifuta midomo kwa leso ingawa hakula chochote. Mchumba mwenyewe, ambaye kwenye simu hucheka mpaka akapaliwa, aliinama tu, kiganja mdomoni.

Fundi alielewa. Watu wasiotaka kula na mgeni wameshakata shauri la kumkataa. Alimpenda yule msichana kuliko maelezo, na kwa ajili yake heri madini yote yapotee. Akashika kikombe kile kinachofuka moshi, akafumba macho.

Mara akaingia bibi wa nyumba hiyo, anatoka kwa jirani. Aliitazama sinia ambayo haijaguswa, akawatazama wote mmoja mmoja, kisha akamshika mgeni kidevu na kumfunua mdomo kama anayekagua mbuzi mnadani. Akaangua kicheko, ufizi mtupu.

"Lo! Nyumba nzima mmepakwa, kumbe na mkwe naye!" Akaivuta sinia upande wake. "Haya, tulieni. Leo tunakula sisi tusio na meno."