Mtafikia Wapi?

"Haya Bibi, mkifika huko kwenye Maporomoko ya Viktoria, mtafikia wapi?" askari wa bandarini alimuuliza Mwatum.

Jasho lilimteremka mgongoni. Ndani ya buibui alikuwa amevaa magauni matatu, moja juu ya jingine, maana mtu anayekwenda kutembea tu hachukui masanduku ya nguo, na wao walikuwa wakitoroka, hawakuwa na nia ya kurudi Unguja.

Mumewe alikuwa chumba cha pili, akihojiwa peke yake. Kila jibu walikuwa wamelipanga, isipokuwa hilo. Hilo walilibishania wiki nzima huku wakicheka, utadhani kweli wanakwenda kutazama maji. Mwatum alitaka hoteli ya mtoni, alale akiusikia ule mngurumo. Mumewe alitaka nyumba ya wageni karibu na stesheni. Hakuna aliyekubali kushindwa.

Meli ikapiga honi gatini. Mwatum akaona basi, leo amwachie mumewe ashinde.

"Karibu na stesheni," alijibu.

Askari akatega sikio. Nyuma ya ukuta wa mbao ikasikika sauti ya mumewe, laini, kama ya mtu anayetoa zawadi:

"Hoteli ya mtoni, bwana. Ndiyo anayoipenda mke wangu."