Kona ya Egidius

Tuseme mapema, tusije tukagombana mbele: mjinga wa siku ile alikuwa Sefu. Mpiga picha wa mashindano ya magari ya usiku anaweza kusahau chakula, anaweza hata kusahau mke, tochi hasahau. Sefu aliondoka Gitega na kamera mbili na stendi ya miguu mitatu. Tochi ikabaki mezani studioni kwake, mtaa wa Musinzira.

Gizani lenzi haina cha kushika, na flashi ni marufuku, inapofusha madereva. Kwa hiyo mtu husimama na tochi pale gari litakapopita, wewe unailenga ile tochi, unafunga pete ya lenzi kwa plasta, kisha hugusi tena mpaka mwisho. Bila tochi, Sefu akajitafutia njia yake saa kumi na mbili jioni, kungali na nuru, kwenye kona kali nje ya Muyinga. Barabara ilikuwa imeshafungwa kwa kamba, haikupita hata baiskeli. Akalenga, akabandika plasta, akajisifu. Kilibaki kijikazi cha dakika moja tu, lakini upepo ukaleta harufu ya mishikaki ya mbuzi, na Sefu hajawahi kushindana na mishikaki akashinda.

Saa mbili, gari la kwanza lilikuwa la Adriano, rafiki yake tangu shuleni. Taa zikatokea kilimani, zikaikata kona kwa ndani, kama kawaida ya Adriano. Sefu akafungua kamera, akaiacha wazi ili taa zichore mistari.

Chuma kikalia mara moja. Gari likaruka, likabingirika mara tatu, likalala chali mtaroni, magurudumu yakizunguka.

Adriano alivutwa kupitia dirishani, mguu umegeukia upande ambao mguu haugeukii. Alikuwa akimwita mama yake, marehemu miaka sita.

"Jiwe!" mtu akapaza sauti. "Watu wameweka jiwe!"

Lilikuwa limepasuka vipande viwili, jeupe kwa chokaa. Umati ukamgeukia Sefu.

"Ewe wa kamera, we uko hapa tangu jioni. Iko nani aliweka?"

Sefu alivitazama vile vipande. Akazitazama nyuso. Akalitazama panga moja lililokuwa limeshatoka kwenye ala. Kisha akanyoosha kidole.

Juu ya barabara ilikuwa nyumba ya Egidius, mkulima aliyekulia Tanzania na kurudi na desturi za huko: kijia cha mlangoni kimepangwa mawe pande zote mbili, yamepakwa chokaa. Upande wa kushoto palikuwa na pengo, kama jino lililong'olewa.

Na nani asiyejua kwamba mwaka jana gari la mashindano lilimgonga mbuzi wake mwenye mimba, akaapa mbele ya watu kuwa halitapita tena salama? Mwenyewe alikuwa palepale ukingoni, mikono mfukoni, amekuja kutazama kama wengine.

"Huyu njo alitega!"

"Jamani, mimi..."

Hakumaliza. Jeki ya gari ilimpata mdomoni, meno yakatoka na maneno. Wakambwaga kwenye lami, wakamshukia kwa mikanda, kwa fimbo, kwa vipande vya jiwe lenyewe. Mzee mmoja mpole, mwimba kwaya, alimkanyaga vidole kimoja kimoja, taratibu, kama anayezima sigara.

"Piga foto, Sefu! Nchi ione!"

Sefu akapiga. Polisi walipofika, Egidius alikuwa amebakiwa na jicho moja.

Siku ya tisa, mke wa Egidius aliingia studio ya Sefu kule Musinzira. Anisia aliitwa, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini. Mumewe alikuwa hospitalini, mkono mmoja umefungwa pingu kitandani. Jumatatu angesomewa shitaka la kujaribu kuua.

"Kaka, nimekuja kuomba ile picha ya kabla gari halijaanguka. Wakili anasema huenda inamwonyesha aliyeweka jiwe."

"Bon, pole sana mama. Ile foto iko mubaya. Haionyeshi mtu."

"Nionyeshe hivyohivyo."

Akamwonyesha kwenye kompyuta. Taa za gari zilikuwa mistari miwili ya moto. Watu walikuwa madoa. Pembeni alisimama Egidius, kivuli kisicho na uso.

Anisia alitazama kwa muda mrefu. "Gari nalielewa, lilikuwa likikimbia. Lakini mume wangu alisimama tuli kama nguzo. Mbona naye ni ukungu?"

Hapo Sefu akachangamka. Kufundisha alikupenda kuliko mishikaki. "Kamera iko sawa na mume mwenye wivu, mama: inaona kitu moja tu. Kile mi nililenga, njo inaona safi. Mbele yake ukungu, nyuma yake ukungu. Nililenga saa kumi na mbili, nikafunga na plasta, sikugusa tena. Kwa hiyo usinilaumu mi, laumu giza."

"Hukugusa tena?"

"Haki ya Mungu."

"Na mtu hakukusaidia kulenga?"

"Nani? Nilikuwa peke yangu, mama. Nimekwambia foto haitakusaidia, we unabishana tu."

Anisia akaweka kidole kwenye kioo, chini, mbele kidogo ya ile mistari ya moto.

"Sibishani, kaka. Gari ni ukungu, watu ni ukungu, mume wangu ni ukungu. Hili jiwe peke yake naliona mpaka michirizi ya brashi niliyolipakia chokaa. Saa kumi na mbili ulikuwa unalenga nini?"